Nani Huketi Kwenye Bodi ya Sound Transit, na Nani Humkalisha Hapo

Jumamosi moja, baada ya kikao cha jumuiya yetu hapa Tukwila, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinivuta pembeni akanionyesha karatasi ya kuhuisha usajili wa gari lake. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari mmoja tu, ule wa kodi ya mamlaka ya usafiri ya kanda. "Mwanangu," aliniuliza, "hawa wanaopanga treni ipite wapi, na mimi nichangie kiasi gani, nani aliwachagua? Mbona sijawahi kuyaona majina yao kwenye karatasi ya kura?" Nilimjibu kwamba hakukosea, kwa kuwa hakuna cheo cha mjumbe wa bodi ya Sound Transit kinachopigiwa kura na wananchi. Akauliza tena, kwa mazoea ya nyumbani, "Basi wameteuliwa na Rais?" Swali hilo nalo lilikuwa na mantiki yake, kwa maana sisi tuliokulia Tanzania tumezoea kusikia kwamba mwenyekiti wa bodi ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ameteuliwa na Rais, na ndugu zetu wa Kenya wamezoea kusikia hivyo hivyo kuhusu mwenyekiti wa NTSA, mamlaka yao ya usafiri na usalama barabarani. Nikamwambia, "Hapana, Mzee, Rais hahusiki kabisa." Nilimwahidi maelezo kamili, na nimeona ni vyema niyaandike hapa, kwa sababu nina hakika si yeye peke yake mwenye swali hilo kati ya Waswahili tunaoishi kusini mwa Seattle.

Sound Transit ni mamlaka ya usafiri ya kanda inayohudumia sehemu za mijini za kaunti tatu za jimbo la Washington, yaani King, Pierce na Snohomish. Nasema sehemu za mijini kwa makusudi, kwa kuwa mipaka yake hailingani na mipaka ya kaunti: Everett imo, Marysville haimo, Tacoma imo, Enumclaw haimo. Anayeishi ndani ya mipaka hiyo hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 1.4 kwa ajili ya mamlaka hii, ambayo ni dola 1 na senti 40 katika kila dola 100 za bidhaa zinazotozwa kodi. Hulipa pia asilimia 1.1 ya thamani ya gari lake kila mwaka, kwa jinsi thamani hiyo inavyokokotolewa kisheria, na tangu wapiga kura waupitishe mpango wa upanuzi wa mwaka 2016, mwenye nyumba huchangia kupitia kodi ya majengo. Mpango huo peke yake ulikadiriwa kugharimu takribani dola bilioni 54. Ninazitaja fedha hizi kwanza ili ieleweke kwamba bodi tunayoizungumzia si kamati ya kutoa ushauri. Ni chombo chenye madaraka ya kutoza, kukopa, kuamua na kubadilisha mipango ambayo wajukuu zetu wataimalizia kuilipa.

Sheria iliyowezesha mamlaka za aina hii ilitungwa na bunge la jimbo mwaka 1992, na mwaka uliofuata mabaraza ya kaunti zile tatu yakakubali kujiunga. Sheria hiyo inasema kwamba wajumbe wa bodi huteuliwa na mkuu wa kaunti, kisha huthibitishwa na baraza la kaunti. Mkuu wa kaunti kwa hapa ni mtu aliyechaguliwa na wananchi wa kaunti nzima kuongoza serikali yake, hivyo ndugu zangu wa Kenya wanaweza kumfikiria kwa mfano wa gavana wao ingawa mamlaka yake hayafanani kabisa na ya gavana. Kwa sasa bodi ina wajumbe 18. Kumi wanatoka King, wanne Pierce, watatu Snohomish, na wa 18 ni waziri wa uchukuzi wa jimbo au mtu anayemwakilisha, ambaye kwa mujibu wa sheria hupata haki ya kupiga kura pale tu wengi wa wajumbe wenzake wanapoiridhia.

Idadi hizo hazikutokana na mapatano ya wakubwa mezani. Mwanzoni sheria iliweka kipimo cha mjumbe mmoja kwa kila wakazi 145,000 wa kaunti wanaoishi ndani ya eneo la huduma, na ikaagiza kwamba mgawanyo upitiwe upya miaka 5 baada ya mamlaka kuundwa, na baada ya hapo angalau katika mwaka unaofuata kila sensa ya taifa. Bodi inaweza kupunguzwa, kuachwa ilivyo au kuongezwa, ilimradi isizidi wajumbe 25. Kwa leo wakazi wa eneo hili wamezidi milioni 3, hivyo kama kipimo kile cha awali kingeendelea kufuatwa neno kwa neno, tungekuwa na wajumbe zaidi ya 20 kutoka katika kaunti. Uwiano kati ya kaunti na kaunti ndio unaolindwa, lakini kila mjumbe sasa anabeba watu wengi kuliko alivyobeba mtangulizi wake mwaka 1993. Hili ni jambo ambalo sijasikia likisemwa sana, na kwangu ni jambo zito, kwa kuwa kadiri mjumbe anavyobeba watu wengi ndivyo sauti ya mtaa mmoja inavyofifia masikioni mwake.

Mkuu wa kaunti haruhusiwi kumteua yeyote anayempenda. Ukimwacha waziri wa uchukuzi, kila mjumbe lazima awe tayari ni kiongozi aliyechaguliwa na wananchi katika nafasi nyingine: ama meya au diwani wa mji ulio ndani ya mipaka ya mamlaka, ama mjumbe wa baraza la kaunti ambaye angalau nusu ya watu wa jimbo lake la uchaguzi wanaishi ndani ya mipaka hiyo, ama mkuu wa kaunti mwenyewe. Ndiyo maana nilimwambia mzee kwamba majina ya watu hawa huenda amewahi kuyaona kwenye karatasi ya kura, ila yalikuwa yanagombea umeya au udiwani, wala hapakuandikwa popote kwamba pamoja na kofia hiyo mtu huyo anaweza kuvikwa nyingine ya kusimamia treni. Akishindwa katika uchaguzi wa mji wake na asiwe na nafasi nyingine inayomstahilisha, hupoteza sifa ya kuketi kwenye bodi, hata kama muhula wake wa miaka 4 haujaisha. Mihula yenyewe imepishanishwa ili wajumbe wote wasiondoke kwa mkupuo mmoja.

Kuna masharti mengine ya uwiano. Katika kila kaunti lazima awemo kiongozi wa mji mkubwa kuliko yote, kwa maana ya Seattle kwa King, Tacoma kwa Pierce na Everett kwa Snohomish. Miji mingine, pamoja na maeneo yasiyo chini ya mji wowote, yapate uwakilishi kwa kadiri ya watu wake. Halafu, ikiwezekana, angalau nusu ya walioteuliwa kutoka kila kaunti wawe tayari wanakaa katika chombo kinachosimamia huduma nyingine ya usafiri wa umma, kama vile baraza la kaunti ya King linalosimamia mabasi ya Metro, au bodi ya Pierce Transit. Sharti hili la mwisho nalipenda, kwa sababu treni isiyopokewa na basi kituoni haimsaidii mama anayeshuka saa tano usiku akitokea zamu ya usafi uwanja wa ndege.

Sasa nije kwenye hesabu ya kura, ambayo ndiyo iliyonifanya nianze kulipenda somo hili. Sheria inasema maamuzi makubwa yapitishwe kwa theluthi mbili ya wajumbe wote wenye haki ya kupiga kura, hata kama waliohudhuria ni wachache. Maamuzi makubwa ni pamoja na kupitisha mpango wa mfumo mzima na kuubadilisha, mpangilio wa awamu za ujenzi, bajeti ya mwaka, kuongeza maeneo mapya, kubadilisha muundo wa bodi yenyewe, na kumwajiri mkurugenzi mtendaji. Theluthi mbili ya 18 ni 12. King, pamoja na ukubwa wake wote, ina kura 10, hivyo haiwezi kupitisha jambo kubwa peke yake. Ni lazima itafute wawili kwingine. Na ukitoa kura 7 za Pierce na Snohomish zikiungana, zinabaki 11, ambazo hazitoshi. Kwa maneno mengine, kaunti mbili ndogo zikishikana mikono zinaweza kuzuia lolote kubwa. Mwaka 2025 mamlaka yenyewe ilitangaza kwamba gharama za miradi iliyobaki zimepanda kwa mabilioni mengi ya dola, na kila pendekezo la kufuta kituo, kuchelewesha njia au kubadilisha mpango uliopigiwa kura mwaka 2016 litapimwa kwenye mizani hiyo ya kura 12.

Kabla ya kuuhukumu mfumo huu wa uteuzi, inafaa kukumbuka ulikotoka. Kaunti ya King iliwahi kuwa na chombo kilichoitwa Metro, kilichoanzishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1958 ili kulisafisha Ziwa Washington, ambalo maji taka ya miji yalikuwa yameliharibu, na mwaka 1972 wananchi wakakikabidhi pia mabasi. Baraza lake halikuchaguliwa moja kwa moja. Lilijazwa na mameya, madiwani na viongozi wa kaunti, wengi wao wakiingia kwa sababu tu ya vyeo walivyokuwa navyo kwingine. Mwaka 1990 jaji wa shirikisho William Dwyer aliamua kwamba muundo huo ulikiuka kanuni ya kikatiba ya mtu mmoja kura moja, kwa kuwa mkazi wa mji mdogo alikuwa na uzito mkubwa ndani ya baraza kuliko mkazi wa mahali penye watu wengi. Mwaka 1992 wapiga kura waliridhia Metro iunganishwe na serikali ya kaunti, na muungano huo ukaanza kazi tarehe 1 Januari 1994, baraza la kaunti likiongezwa kutoka wajumbe 9 hadi 13 ili kuubeba mzigo mpya.

Ukiisoma sheria ya Sound Transit huku hukumu ile ikiwa akilini, unaona vifungu vyake kwa macho mengine: viti vimegawanywa kwa idadi ya watu, hesabu inarudiwa baada ya sensa, na hakuna anayeingia moja kwa moja kwa kuwa tu ni diwani wa mji fulani; ni lazima ateuliwe na mkuu wa kaunti na kuthibitishwa na baraza. Tofauti kati ya kuingia kwa cheo na kuingia kwa uteuzi inaweza kuonekana ndogo kwa msomaji wa haraka, lakini mahakama za Marekani zimeipa uzito, kwa sababu kanuni ya mtu mmoja kura moja inahusu vyombo vinavyochaguliwa, si vile ambavyo wajumbe wake huteuliwa na mamlaka nyingine halali.

Lipo jambo moja ambalo mgawanyo huu haulitatui, nalo linatugusa sisi wa kusini. Sera ya fedha ya Sound Transit imeligawa eneo lake katika kanda tano: Snohomish, King ya kaskazini, King ya kusini, King ya mashariki, na Pierce. Kodi inayokusanywa katika kanda moja hutakiwa itumike kwa manufaa ya kanda hiyo. Viti vya bodi, kinyume chake, hugawanywa kwa kaunti, si kwa kanda. King ya kusini, yenye Tukwila, SeaTac, Burien, Kent, Auburn, Des Moines na Federal Way, ina hesabu yake ya fedha lakini haina idadi ya viti iliyotajwa na sheria. Kaunti ya King ina miji 39, viti vyake ni 10, na Seattle ina haki ya kuwemo daima. Inabaki juu ya mkuu wa kaunti kuamua ni meya gani wa kusini ataitwa, na yupi ataendelea kuandika barua. Tukwila ni mfano mzuri: treni huenda zaidi ya maili 5, kutoka kituo cha Rainier Beach kilichoko Seattle hadi kituo cha Tukwila International Boulevard, sehemu kubwa ikiwa ndani ya mji wetu, bila kusimama popote. Kituo cha Boeing Access Road, ambacho kingelipunguza pengo hilo, kimo katika mpango wa mwaka 2016, na hadi leo hakijajengwa. Sidai kwamba kingekuwa kimejengwa kama tungekuwa na kiti cha kudumu. Ninachodai ni kwamba watu wanaolipa katika kapu moja wanastahili kujua kwa yakini nani anawasemea pale kapu hilo linapofunguliwa.

Wapo waliotaka mfumo wote ubadilishwe. Mwaka 2017, hasira za kodi ya magari zilipokuwa juu, mswada wa kutaka wajumbe wachaguliwe moja kwa moja na wananchi ulipita katika Seneti ya jimbo lakini ukakwama katika Baraza la Wawakilishi. Mfano wa mfumo huo upo kwingine nchini humu. BART, mamlaka ya treni ya eneo la San Francisco, ina wakurugenzi 9 wanaochaguliwa na wapiga kura, kila mmoja katika wilaya yake, na mamlaka ya usafiri ya Denver ilipata bodi ya watu 15 wa kuchaguliwa baada ya wananchi kuupitisha mfumo huo mwaka 1980. Nimeutafakari sana mfumo huo, na sijashawishika kwamba ungetufaa. Uchaguzi wa bodi ya usafiri huwa chini kabisa ya karatasi ya kura, mahali ambapo wengi huacha bila kuweka alama, na anayeshinda mara nyingi ni mwenye uwezo wa kuchapisha vipeperushi. Zaidi ya hapo, meya anayeketi kwenye bodi huenda nyumbani na jukumu la kutoa vibali vya ujenzi, kutengeneza njia za waenda kwa miguu na kuruhusu nyumba zijengwe karibu na kituo. Mjumbe asiye na mji hana nguvu hizo.

Hata hivyo, siwezi kunyamazia udhaifu wa uteuzi, kwa kuwa tumeuona waziwazi. Machi 2025 bodi ilimchagua Dow Constantine, aliyekuwa mkuu wa kaunti ya King tangu mwaka 2009, kuwa mkurugenzi mtendaji wa Sound Transit. Alikuwa mwenyewe mjumbe wa bodi hiyo na amewahi kuwa mwenyekiti wake, na kwa cheo chake ndiye aliyekuwa akiwateua wajumbe wa King, ambao ni zaidi ya nusu ya bodi. Uzoefu wake katika mambo ya usafiri ni mkubwa, wala sisemi kwamba kuna sheria iliyovunjwa. Nasema tu kwamba mwananchi anapoona mteuzi anaajiriwa na wateule wake, ana haki ya kutaka sheria iweke muda wa kusubiri kati ya kazi moja na nyingine, na mimi naunga mkono wazo hilo kwa moyo wote.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee ni hili: ukitaka kuigusa bodi kwa kura yako, usiitafute Sound Transit kwenye karatasi, mtafute mkuu wa kaunti. Novemba 2025 wapiga kura wa King walimchagua Girmay Zahilay, aliyezaliwa Sudan kwa wazazi wakimbizi kutoka Ethiopia, na katika mabaraza yetu tulilizungumzia sana hilo kama fahari ya watu wa Afrika Mashariki. Sikumsikia hata mmoja akisema kwamba tulikuwa tunamchagua pia mtu atakayeteua wajumbe 10 wa bodi ya treni. Wakati huo huo wapiga kura wa Seattle walimchagua Katie Wilson, mmoja wa waanzilishi wa chama cha abiria cha Transit Riders Union, kuwa meya wao, na kwa kuwa mji wake ni lazima uwakilishwe, uchaguzi huo nao uliigusa bodi.

Najua wengi wetu bado tuna kadi ya ukaazi tu na hatuna haki ya kupiga kura. Mlango mwingine uko kwenye uthibitisho. Jina la kila mteule hupelekwa mbele ya baraza la kaunti, na baraza hilo hukutana hadharani, ambapo mkazi yeyote anaweza kuandika au kusema bila kuulizwa uraia wake. Bodi yenyewe hukutana kwa kawaida Alhamisi ya nne ya mwezi, saa saba na nusu mchana, katika jengo la Union Station mjini Seattle, na maoni ya wananchi hupokewa. Saa hiyo ni ngumu kwa watu wa zamu, ila maoni hupokewa pia kwa maandishi. Nimemwambia mzee kwamba kiti cha King kitakapokuwa wazi tutakwenda pamoja kwenye baraza la kaunti, yeye aseme kwa Kiswahili nami nitafsiri, na ombi letu litakuwa moja: sheria inamtaka mkuu wa kaunti ashauriane na miji kabla ya kuteua, basi mashauriano hayo yatangazwe mapema pamoja na majina yanayofikiriwa, ili watu wa Tukwila na Kent wasiyasikie siku ya kuapishwa. Ameniuliza avae kanzu au suti. Nimemwambia avae kanzu.